Charles Richet na Sumu ya Konyeza

I. Mnyama asiye na mifupa

Watoto wanaokaa karibu na ziwa Tanganika, huko Kalemie, Moba au Uvira, huenda wamepata kuona majini kitu kidogo cha mviringo, mfano wa mwavuli. Upana wake ni santimetri 2 hivi, na mwanga hupita ndani yake kama katika kioo. Hujikunja na kujikunjua, na kila akijikunja husogea mbele kidogo. Ukimtoa majini na kumweka juu ya jiwe wakati wa jua kali, punde si punde utaona alama ya unyevu tu. Hilo si jani wala povu. Ni mnyama. Waswahili wa pwani ya mashariki humwita konyeza, na wengine husema yavuyavu. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Bwana Richard Böhm, alimwona katika ziwa letu mwaka 1883, na wataalamu wa Ulaya wakastaajabu, kwa maana karibu konyeza wote hukaa katika maji ya chumvi ya bahari.

Huyo wa ziwani hamdhuru mtu. Ndugu zake wa baharini si wapole hivyo.

Konyeza hana mfupa, hana moyo, hana damu, hana ubongo. Katika kila kilo 100 za mwili wake, kilo 95 hivi ni maji. Mdomo wake uko chini ya mwavuli, katikati, na mabaki ya chakula hutokea mlango ule ule kilimoingilia. Kando ya mwavuli huning'inia nyuzi. Hizo ndizo mikono yake na silaha zake. Katika ngozi ya nyuzi kuna vifuko maelfu na maelfu, vidogo hata macho hayavioni pasipo mikroskopi, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Ndani ya kila kifuko mna uzi mwembamba uliokunjwa kama kamba ya mvuvi. Samaki akigusa kifuko, mara kinafunguka, uzi unaruka nje kama mshale, unachoma ngozi na kuingiza sumu. Mambo hayo yote hutendeka kabla hujawahi kupepesa jicho. Konyeza hahitaji kukasirika ili achome. Hahitaji hata kuwa hai: aliyetupwa na mawimbi mchangani, amekufa tangu jana, bado aweza kumchoma mtoto anayemshika kwa mkono.

Mtoto wa konyeza hafanani na mama yake. Yai huwa kijidudu kinachoogelea. Kijidudu hicho hushikamana na jiwe, kikawa kama ua dogo lenye shina. Siku zikifika, ua hilo hujikata vipande vipande, mfano wa sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kila sahani huondoka na kwenda zake, nayo ndiyo konyeza mpya. Si aina zote zinazofanya hivyo, lakini nyingi.

Na aina zao ni nyingi kweli. Katika bahari za baridi za kaskazini yuko mmoja ambaye mwavuli wake waweza kupita metri 2 kwa upana. Karibu na Australia yuko mwingine, wa kuangaza kama maji yenyewe, ambaye sumu yake yaweza kumwua mtu kwa dakika chache. Wengine huleta mwasho tu, na katika nchi za China na Japani watu huwakausha na kuwala.

Sasa kuna mmoja ambaye watu humhesabu kati ya konyeza, ingawa wataalamu humweka mbali nao kidogo. Kwa Kifaransa jina lake ni physalie. Sisi tumwite fizalia. Mabaharia wa zamani walimwita merikebu ya Wareno, kwa sababu ana kibofu kilichojaa hewa, cha rangi ya buluu na zambarau, ambacho hukaa juu ya maji kama tanga, na upepo humpeleka upendako. Kibofu hicho chaweza kufika urefu wa santimetri 30. Lakini chini yake nyuzi hushuka metri 10, na pengine metri 30, yaani kushinda urefu wa mnazi. Anayeogelea haoni kitu ila kile kibofu kizuri huko mbali, na tayari nyuzi zimekwisha kumzunguka miguuni.

Tena fizalia si mnyama mmoja. Ni jamaa nzima ya wanyama wadogo walioshikana, kila kundi na kazi yake. Hawa wamekuwa kibofu, hawa huvua samaki, hawa huyeyusha chakula, hawa huzaa. Ukiwatenga, hakuna awezaye kuishi peke yake. Hata hivyo kuna wanaomla bila hofu: kasa wa baharini humtafuna, na yuko konokono mdogo wa buluu, asiye na gamba, ambaye humla na kuziweka zile silaha za sumu katika mwili wake mwenyewe, zimlinde yeye.

Ni kwa sababu ya fizalia huyo kwamba mganga mmoja Mfaransa alivumbua jambo ambalo limewaokoa watu wengi sana, hata watu ambao hawajaona bahari hata siku moja.

II. Mwana wa mganga

Charles Richet alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwezi wa nane mwaka 1850. Baba yake, Alfred Richet, alikuwa mganga mashuhuri wa kupasua wagonjwa na mwalimu katika shule kuu ya uganga ya Paris. Mtoto akafuata njia ya baba, lakini si mpaka mwisho. Kisu cha kupasulia hakikumvuta. Alipenda zaidi kujua namna mwili unavyofanya kazi: kwa nini moyo unapiga, kwa nini damu ni moto, chakula kinayeyukaje tumboni.

Alipokuwa kijana alikutana na mgonjwa aliyekuwa amemeza maji makali yaliyoharibu koo lake, hata asiweze kula. Waganga walikuwa wamemfungulia tundu la kulishia tumboni. Watu wengine waliona taabu ya mgonjwa. Richet aliiona pia, lakini aliona na dirisha la kutazamia ndani ya tumbo la mtu aliye hai. Akachunguza maji ya tumbo lile na kuonyesha asidi iliyomo.

Baadaye akatazama mbwa. Ninyi nyote mmeona mbwa siku ya joto, ametoa ulimi, anahema mbiombio. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Richet alionyesha kwamba kuhema huko ndiko kunakompoza mbwa. Akifungwa mdomo hata asiweze kuhema, joto la mwili wake hupanda naye huwa katika hatari. Mwaka 1887 akafanywa mwalimu mkuu wa elimu hiyo ya kazi za mwili katika shule ile ile ya Paris.

Wakati ule jina la Louis Pasteur lilikuwa midomoni mwa watu wote. Mwaka 1885 Pasteur alikuwa amemponya mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Kila mganga alitafuta kinga mpya. Ikafahamika kwamba mwili ukikutana na ugonjwa kidogo kidogo, hujifunza kuushinda; ukija tena, utakuta mlango umefungwa. Richet naye alijaribu. Mwaka 1890 alikuwa kati ya watu wa kwanza kumpiga mgonjwa sindano ya maji ya damu ya mnyama, yaani seramu, akitumaini kushinda kifua kikuu. Hakufaulu. Walakini njia ile ilikuwa njema, na wengine waliifuata wakaishinda dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwanyonga watoto kooni.

Basi, mtu huyo alipofika umri wa miaka 50, aliamini kama wenzake wote kwamba sumu ndogo ya leo ni kinga ya kesho.

III. Katika merikebu ya mtawala

Huko kusini, kando ya bahari, kati ya Ufaransa na Italia, iko nchi ndogo iitwayo Monako. Mtawala wake tangu mwaka 1889 alikuwa Albert wa Kwanza. Huyu hakupenda kukaa barazani. Alipokuwa kijana alitumika katika merikebu za vita za Hispania, na tangu hapo bahari ilimshika moyo. Alijenga merikebu za kuchunguzia bahari, zenye nyavu za kushuka vilindini na vyumba vya kazi kwa wataalamu. Nyumba kubwa aliyoifungua Monako mwaka 1910, yenye viumbe vya bahari, ingali ipo mpaka leo.

Mwezi wa saba mwaka 1901 merikebu yake, Princesse Alice, iliondoka bandari ya Toulon kwenda bahari ya Atlantiki, kuelekea visiwa vya Kepuvede na Azori. Ndani yake walikuwamo Charles Richet na mtaalamu mwingine, kijana kuliko yeye, Paul Portier.

Huko Atlantiki fizalia walikuwa wengi juu ya maji. Mabaharia waliwajua. Anayeguswa na nyuzi zile hupata alama nyekundu kama za kiboko na maumivu makali sana, wengine huzimia. Mtawala Albert akawaomba wageni wake wawili waitafute sumu hiyo ni kitu gani.

Wakakata nyuzi za fizalia, wakazisaga, wakaziloweka, wakapata maji yenye sumu. Wakawapiga njiwa na simbilisi sindano ya maji hayo. Kumbe wanyama hawakulia wala kuruka kwa uchungu kama walivyotazamia. Walilegea, wakawa kama wenye usingizi, wasihisi tena, kisha wakaacha kupumua. Hiyo ndiyo kazi ya sumu ile: samaki akiisha kunaswa asipigane hata akazikata nyuzi.

Safari ikaisha. Richet na Portier wakarudi Paris na hamu ya kuendelea, lakini fizalia hapana. Paris ni mbali na bahari. Basi wakatafuta ndugu yake aliye karibu. Penye miamba ya pwani ya Ufaransa hukaa mnyama aitwaye aktinia, aliyeshikamana na jiwe, mfano wa ua lenye nyuzi nyingi fupi. Naye ni wa ukoo mmoja na konyeza, na vifuko vyake vya sumu ni vya namna ile ile. Wakaagiza aktinia wengi, wakatengeneza maji ya sumu kama walivyofanya melini, nao wakaanza kazi kwa mbwa.

IV. Mbwa Neptune

Kwanza walitaka kujua kipimo: sumu kiasi gani kwa kila kilo ya mbwa huua, na kiasi gani haiui. Kazi hiyo ilikwenda polepole, kwa sababu sumu ya aktinia haina haraka. Mbwa aliyepewa nyingi alikufa baada ya siku nne au tano, na pengine baadaye. Aliyepewa kidogo aliugua kidogo au hakuugua kabisa. Waliopona hawakufukuzwa; waliwekwa, ili wafae tena kwa majaribio mengine.

Kati yao alikuwako mbwa mmoja, jina lake Neptune. Alikuwa mkubwa, mwenye nguvu, mwenye afya kuliko wenzake. Mwezi wa kwanza mwaka 1902 alipigwa sindano ya sumu kidogo sana. Hakudhurika. Alikula, alicheza, alitikisa mkia.

Majuma zaidi ya matatu yakapita. Neptune akapigwa sindano ya pili, nayo kidogo, isiyoweza kumwua mbwa mgeni. Wenye kumtazama walitumaini nini? Kwamba mbwa huyu, aliyekwisha kuizoea sumu, sasa ataistahimili vizuri zaidi. Ndivyo kila kitabu cha wakati ule kilivyofundisha.

Sekunde chache hazijapita, Neptune akaanza kuhema. Miguu ikamwisha nguvu. Akajikokota, akaanguka ubavu. Akahara, akatapika damu. Baada ya dakika 25 alikuwa amekufa.

Mtu asiye makini angalisema: mbwa huyu alikuwa na ugonjwa wa siri, au, tumekosea kupima dawa. Angaliandika neno moja katika kitabu chake na kuchukua mbwa mwingine. Richet mwenyewe aliona shida kuamini. Lakini yeye na Portier hawakuliacha jambo lile. Wakarudia kwa mbwa wengine, na wengine tena. Jibu likawa lile lile. Mbwa aliyepata sumu mara ya kwanza na kupona, huwa dhaifu mbele ya sumu hiyo kuliko mbwa asiyeijua kabisa. Pili, hafi polepole kwa siku nne kama wengine. Huanguka mara moja, kwa dalili nyingine kabisa. Tatu, yapasa majuma yapite katikati. Ukimpiga sindano ya pili baada ya siku chache tu, hapatwi na neno. Mwili unahitaji wakati wa kujitayarisha, nao unajitayarisha vibaya.

Tuseme wazi kwamba ni vigumu kusoma habari ya Neptune bila kumwonea huruma. Hakuchagua kazi ile.

Jambo jipya lilihitaji jina jipya. Richet alilitafuta katika Kiyunani, ambamo neno phylaxis maana yake ni kinga, ulinzi. Akaliwekea mbele silabi za kuonyesha kinyume chake, likawa anafilaksia: yaani badala ya ulinzi, mlango wazi. Tarehe 15 ya mwezi wa pili mwaka 1902, wataalamu hao wawili walisimulia habari yao Paris mbele ya Société de Biologie, chama cha wachunguzi wa viumbe hai.

V. Walinzi wenye hasira

Mwaka uliofuata, 1903, mtaalamu mwingine Mfaransa, Maurice Arthus, alionyesha jambo la kustaajabisha zaidi. Aliwapiga sungura sindano za seramu ya farasi, ambayo si sumu hata kidogo, mara kwa mara. Wakaugua vile vile. Kumbe tatizo halikuwa ukali wa sumu. Tatizo lilikuwa katika mwili wenyewe unaopokea.

Hapo waganga wengi wakafumbuliwa macho. Walikuwa wameona watoto waliotibiwa dondakoo kwa seramu ya farasi. Mara ya kwanza walipona, na mara ya pili wengine waliugua ghafula, hata kufa, na hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1906 mganga wa Vienna, Clemens von Pirquet, alitoa jina la hali hizo zote za mwili kubadilika baada ya kukutana na kitu kigeni: aleji.

Leo tunajua zaidi ya Richet. Mwili wetu una walinzi katika damu na katika ngozi. Kitu kigeni kikiingia mara ya kwanza, walinzi hukitazama na kutengeneza silaha za kukingoja. Kwa watu wengi silaha hizo ni za kufaa. Lakini kwa wengine walinzi hukosea. Hukihesabu kitu kidogo kuwa adui mkubwa, nao hukaa tayari kotekote mwilini. Siku kinaporudi, wote hulipuka pamoja, kama watu wanaochoma nyumba nzima ili kumwua panya mmoja. Ndipo mishipa ya damu inalegea, damu haifiki vizuri kichwani, koo na njia za pumzi zinavimba. Mwenye kumwua mtu huyo si yule panya.

Na kitu hicho si lazima kitoke baharini. Kwa sisi tunaokaa mbali na pwani, mara nyingi ni nyuki au nyigu. Kwa wengine ni karanga, au samaki, au yai, au dawa kama penisilini. Mtu aliyechomwa na nyuki na kuvimba mahali pale tu palipochomwa, hiyo ni kawaida, asiogope. Lakini mtu akichomwa mkononi, kisha akavimba midomo na macho, akatoka vipele mwili mzima, akapumua kwa shida, akaona kizunguzungu, huyo asingoje hata kidogo, wala asipewe majani ya kutafuna. Apelekwe hospitalini au dispanseri wakati ule ule. Huko watampiga sindano ya adrenalini katika paja. Dawa hiyo hukaza mishipa na kufungua njia za pumzi. Ni ajabu kwamba habari ya kupatikana kwake safi, kwa kazi ya Mjapani Jokichi Takamine huko Marekani, ilitangazwa mwaka ule ule wa 1901, mwaka wa safari ya Princesse Alice. Lakini waganga walichukua muda kabla ya kuviunganisha vitu hivyo viwili, ugonjwa na dawa yake.

Kuhusu konyeza wenyewe, wengi wanaochomwa hawapatwi na anafilaksia. Hupatwa na maumivu ya sumu. Nchi yetu nayo ina pwani, kilometri 40 hivi, huko Moanda na Banana, penye maji ya Atlantiki. Mtu akichomwa na fizalia atoke majini. Nyuzi zilizobaki ziondolewe kwa kijiti au kitambaa, si kwa vidole, na mahali paoshwe kwa maji ya bahari. Asisuguliwe kwa mchanga, kwa maana kusugua hufungua vifuko vingine vilivyokuwa bado kufunguka. Kisha apakandwe kwa maji ya moto kiasi cha kuvumilika bila kuunguza ngozi, dakika 20 hivi. Akishindwa kupumua, mbio kwa mganga.

VI. Heshima na aibu

Mwaka 1913 Charles Richet alipewa tuzo ya Nobel ya uganga kwa kazi yake juu ya anafilaksia. Alipewa peke yake. Paul Portier, aliyekuwa pamoja naye melini na katika chumba cha mbwa, na ambaye jina lake liliandikwa pamoja na lake katika habari ya mwaka 1902, hakupewa. Kwa maoni yangu hiyo haikuwa haki. Portier aliendelea kimya na uchunguzi wake wa bahari, akafundisha miaka mingi, akafariki mwaka 1962, mzee wa zaidi ya miaka 90.

Richet alikuwa mtu wa mambo mengi. Alitunga mashairi na michezo ya kuigiza. Alichukia vita na kuongoza vyama vya kutafuta amani. Alipenda habari za kuruka angani: mwaka 1907, pamoja na ndugu wawili, Louis na Jacques Breguet, alisaidia kutengeneza chombo chenye mapanga ya kuzunguka, kilichoinuka kidogo juu ya ardhi huku watu wakikishika, babu wa helikopta za leo. Tena, jambo la kushangaza kwa mtu aliyewapima mbwa kwa uangalifu hivyo, aliwaamini watu waliodai kuita mizimu ya wafu. Aliketi nao gizani usiku, akaandika kitabu kikubwa juu ya mambo hayo, na wenzake wengi wakamcheka.

Hilo lilikuwa la kuchekwa tu. Lingine halichekeshi. Mwaka 1919 Richet alitoa kitabu ambamo alisema kwamba watu weusi ni duni kuliko Wazungu, na kwamba mataifa yasichanganyike. Alitaka pia watu waliozaliwa na kasoro wasiachiwe kuoa na kuzaa. Aliongoza chama cha Wafaransa waliofundisha mafundisho hayo. Hapakuwa na jaribio lolote nyuma ya maneno yake, hapakuwa na kipimo, hapakuwa na kurudia mara mbili na tatu kama kwa Neptune. Yeye ambaye mbwa mmoja tu alimfanya ayatilie shaka mafundisho ya vitabu vyote, hakuyatilia shaka mawazo hayo ya watu wa tabaka lake na wakati wake. Miaka michache baadaye, mafundisho ya namna hiyo yalitumiwa katika Ujerumani kuwaua watu mamilioni.

Richet alikufa Paris mwezi wa kumi na mbili mwaka 1935, akiwa na miaka 85. Hospitali moja katika mji wa Villiers-le-Bel, karibu na Paris, ilipewa jina lake. Watu wakaingia na kutoka miaka mingi chini ya jina hilo. Lakini maandiko yake yalipokumbukwa, wengine waliuliza kama yafaa mgonjwa mweusi alazwe katika nyumba yenye jina la mtu aliyesema hivyo. Mwaka 2015 jina likabadilishwa. Hospitali ikaitwa Adélaïde-Hautval, kwa jina la mwanamke mganga aliyefungwa na Wajerumani katika kambi ya Auschwitz kwa kuwatetea Wayahudi, na ambaye huko kambini, alipoamriwa asaidie katika majaribio juu ya wafungwa, alikataa.